Mtume Toma na Siku Nane za Mashaka

Mtakatifu Toma alikuwa mmoja wa wale Mitume kumi na wawili waliochaguliwa na Bwana wetu Yezu Kristu. Jina lake maana yake ni pacha. Na kwa Kigiriki aliitwa Didimo, ndilo neno lile lile. Pacha mwenzake hatajwi popote katika Injili. Mathayo, Marko na Luka wanamtaja Toma katika hesabu ya Mitume tu. Habari za maisha yake tumeachiwa na Mtakatifu Yoane.

Watu humkumbuka kwa jambo moja, kwamba alikataa kusadiki. Lakini hakuwa mwoga. Lazaro alipokufa kule Betania, Yezu alikuwa ng'ambo ya Yordani, kwa sababu huko Yudea walikuwa wametaka kumpiga mawe. Alipotangaza kwamba anarudi, wanafunzi wake waliogopa. Toma ndiye aliyewahimiza wenzake wamfuate Bwana, na ikiwa ni kufa, wafe pamoja naye. Tena katika karamu ya mwisho, Bwana aliposema kwamba wanaijua njia ya kule aendako, Toma alikiri wazi kwamba hawajui hata mahali penyewe, sembuse njia. Hakuona haya kuuliza mbele ya wenzake. Kwa sababu ya ulizo lake wote walifundishwa kwamba njia ya kwenda kwa Baba ni Kristu mwenyewe.

Kisha Bwana akasulubiwa, akafa, akazikwa. Jioni ya siku ya ufufuko Mitume walikuwa wamejifungia nyumbani kwa hofu. Yezu akaja katikati yao, akawaonyesha mikono yake na ubavu wake, akawapa Roho Mtakatifu na uwezo wa kuondoa dhambi. Toma hakuwapo. Injili haisemi alikuwa wapi. Inasema tu kwamba hakuwa pamoja nao.

Waliporudiana, wenzake wakampa habari ile njema. Toma akakataa. Akasema kwamba asipoona alama za misumari, asipotia kidole chake mahali pale, na mkono wake katika ubavu wa Bwana, hatasadiki kabisa. Neno hilo lilikuwa kali. Hata hivyo wale kumi hawakuwa na sababu ya kumdharau, maana wanawake walipotoka kaburini asubuhi ile na kuleta habari, Mitume waliziona kuwa maneno matupu. Nao walisadiki baada ya kuonyeshwa mikono na ubavu. Toma alidai kile kile walichopewa wao, akaongeza kugusa.

Zikapita siku nane. Yoane hasimulii lolote juu ya siku hizo, lakini si vigumu kufahamu uzito wake: watu kumi wanafurahi, na mmoja kati yao hawezi kufurahi nao. Toma hakujifanya kusadiki ili awapendeze. Wala hakuondoka kurudi kwao Galilea. Wenzake nao hawakumfukuza. Siku ya nane, milango ikiwa imefungwa tena, Toma alikuwa ndani pamoja nao, bado na mashaka yake.

Yezu akaja, akawasalimu kwa amani, akamgeukia Toma. Akamwalika atie kidole na mkono kama alivyotaka; maneno yote aliyoyasema siku ile Bwana aliyajua. Picha nyingi za Ulaya zinamwonyesha Toma akitia kidole katika jeraha. Injili haisemi kwamba aligusa. Inasema kwamba alijibu, akimkiri Yezu kuwa Bwana wake na Mungu wake. Ungamo hilo Wakristu wengi hulisali kimoyomoyo padri anapoinua Hostia. Ndipo Bwana akawasifu heri wale watakaosadiki pasipo kuona.

Mapokeo ya kale yanasema kwamba mwaka 52 Toma alifika Bara Hindi, katika pwani ya Malabar, akahubiri na kubatiza. Huko kazi yake iligeuka. Zamani wenzake walimwomba asadiki neno lao, naye akakataa. Sasa yeye aliwaomba watu wasadiki neno lake, wala hakuwa na jeraha la Bwana la kuwaonyesha. Wapo waliosadiki. Yasemekana aliuawa kwa mkuki mwaka 72, karibu na Mylapore, mahali palipo leo ndani ya mji wa Chennai. Mifupa yake ilipelekwa Edessa, na tangu mwaka 1258 inaheshimiwa katika mji wa Ortona, Italia. Sikukuu yake, iliyokuwa tarehe 21 Desemba, ilihamishwa mwaka 1969 kuwa tarehe 3 Julai.

Wareno walipofika Malabar, karibu na mwaka 1500, waliwakuta Wakristu wengi wenye makanisa na mapadri wao. Walipoulizwa Injili waliipata wapi, walimtaja Toma.