Argwings-Kodhek: nani alimlipa wakili wa wanyonge?

Ukitoka Kisumu mjini kwenda Busia, muda si mrefu unafika Kisian. Hapo barabara yagawanyika. Moja yafuata upande wa ziwa hadi Bondo, nyingine yapanda kwenda Maseno, Luanda na Yala. Mwaka jana nilikaa hapo karibu saa nzima ndani ya matatu iliyokuwa ikingoja abiria, nikienda Gem kumpa pole sahibu yangu aliyefiwa na babake. Mzee niliyekaa naye kiti kimoja alipoisikia lafudhi yangu ya Pwani, aliniuliza kama najua Gem imemzaa nani. Nikamtajia wakubwa wa siku hizi. Akatikisa kichwa, akanitajia Argwings-Kodhek.

Jina nililijua, lakini nililijua kama barabara ya Nairobi, ile ipitayo Hurlingham. Makanga hulitaja kutwa kucha, na abiria hushuka bila kujiuliza huyo alikuwa nani. Niliporudi Mombasa nilisoma juu yake. Leo, ndugu msomaji, nataka tumzungumze, kwa sababu maisha yake yanahusu jambo linalotuumiza sisi Wapwani: mnyonge akishitakiwa, nani amlipie wakili?

Clement Argwings-Kodhek alizaliwa Gem mwaka 1923. Alisomeshwa na wamishonari wa Kikatoliki, akaenda Makerere, kisha baada ya Vita Vikuu vya Pili akavuka bahari kwenda Wales. Huko akaifuata sheria, na mwaka 1951 akaapishwa London kuwa wakili. Kwa Mwafrika wa Kenya wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa radhi kumlipia Mwafrika asome ualimu au kilimo, lakini kumlipia asome sheria ilisita. Ilijua kwamba mwalimu atafundisha anachopewa, ila wakili atauliza maswali.

Alirudi nyumbani mwaka 1952 na mkewe Mavis, mwanamke wa Ireland. Nairobi ya siku hizo ilikuwa imegawanywa kwa rangi: huku Wazungu, kule Wahindi, na Waafrika mtaa wao. Ndoa kama ile haikuwa na mtaa. Alipotafuta kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, aliambiwa mshahara wake utakuwa sehemu tu ya ule anaolipwa Mzungu mwenye shahada ileile. Akakataa, akafungua ofisi yake mwenyewe, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kufanya kazi ya uwakili kwa kujitegemea.

Naomba tusimame hapo kidogo. Angeukubali mshahara ule, mwaka huohuo angejikuta upande wa mashtaka. Oktoba 20, 1952 ilitangazwa hali ya hatari, na watu wakaanza kukamatwa kwa maelfu. Sheria zikabadilishwa hivi kwamba mtu aliweza kunyongwa kwa kulisha kiapo, kwa kupatikana na risasi, au kwa kuwa pamoja na wapiganaji. Zikaundwa mahakama maalumu za kuzisikiza kesi hizo haraka. Wanahistoria wamehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Hakuna mahali pengine katika himaya ya Mwingereza ya wakati huo palipoonekana idadi kama hiyo.

Nani aliwatetea? Kwa kesi za kunyongwa, serikali ilimlipa wakili ada ndogo amsimamie mshitakiwa fukara. Yaani mfuko uliolipa kamba ndio uliolipa pia mtu wa kuizuia kamba. Mara nyingi wakili alimjua mteja wake asubuhi ya kesi, na ada yenyewe haikutosha kumpeleka kijijini kutafuta mashahidi. Mawakili wengi wa Kizungu walijitenga na kesi hizo. Waliozibeba kwa wingi ni mawakili wa Kihindi wa Nairobi, kama A.R. Kapila, na pamoja nao huyu Mjaluo mmoja kutoka Gem. Alitetea Wakikuyu ambao si kabila lake, wengine wakiwa hawana cha kumlipa. Walowezi walimwona kuwa ni wakili wa Mau Mau, na hawakulitaja hilo kwa kumsifu.

Linganisha na kesi ya Kapenguria ya Jomo Kenyatta na wenzake watano. Kwa kuwa washitakiwa walikuwa na majina, michango ilitoka mbali. D.N. Pritt alikuja kutoka Uingereza, H.O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaica akavuka kutoka Tanganyika, na India ikamtuma Chaman Lall. Upande wa pili nao ulikuwa na mfuko wake. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikiri mwaka 1958 kwamba alisema uwongo baada ya kuahidiwa kulipiwa masomo Uingereza. Kwa kukiri huko alifungwa yeye, waliomwahidi hawakuguswa. Wahenga walishasema, kesi ya nyani usimpe ngedere.

Kenyatta na wenzake walihukumiwa miaka 7, lakini kesi yao ilijulikana dunia nzima. Wale wa Nyeri na Kiambu wasiojulikana na mtu walikuwa na ada ya serikali, mbuzi waliouzwa na jamaa zao, na mawakili wachache waliokubali kupata hasara. Kodhek alikuwa mmoja wa hao wachache.

Kutoka mahakamani aliingia siasani. KAU ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1953, na serikali ikaruhusu vyama vya wilaya peke yake, basi akaanzisha Nairobi District African Congress. Katika uchaguzi wa 1957 alishindwa na Tom Mboya kwa kura chache. Baada ya uhuru akawa mbunge wa Gem, na hatimaye Waziri wa Mambo ya Nje. Hapa pana jambo tusilifiche. Jaramogi Odinga alipoondoka KANU mwaka 1966, Kodhek alibaki. Na mwaka huohuo Bunge lilirudisha uwezo wa serikali kumfungia mtu bila kumfikisha kortini. Mtu aliyejenga jina lake kwa kuwatetea waliofungiwa alikuwa ndani ya chama kilichofanya hivyo. Sisemi haya kumshusha. Nasema ili tujue kwamba anayekula mezani kwa serikali, hata akiwa mwema, ana mipaka yake.

Alifariki Januari 29, 1969 kwa ajali ya gari katika Barabara ya Hurlingham, ile ambayo sasa ina jina lake. Hivyo ndivyo ilivyotangazwa, na wapo mpaka leo wasioridhika. Miezi mitano baadaye Mboya aliuawa kwa risasi. Kiti cha Gem kilichukuliwa na chama cha Odinga, KPU, ambacho kabla mwaka haujaisha kilipigwa marufuku.

Sasa turudi kwetu. Kazi aliyoifanya Kodhek peke yake leo inafanywa na mashirika. Kituo cha Sheria kilianza mwaka 1973 na mawakili wa kujitolea. MUHURI ilianza Mombasa mwaka 1997, na Haki Afrika ikafuata. Hao ndio wanaokwenda Shimo la Tewa na kwenye vituo vya polisi mtoto wa mtu anapochukuliwa usiku Likoni au Majengo. Katiba ya 2010 inasema mshitakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali ikiwa bila wakili atadhulumika, na sheria ya 2016 ikaunda mfuko wa msaada wa kisheria. Lakini mfuko huo hungoja bajeti, kwa hivyo mashirika huishi kwa fedha za wafadhili wa nje.

Fedha hizo zina njia mbili za kukatika. Ya kwanza tuliiona kwa macho yetu. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, akaunti za MUHURI na Haki Afrika zilifungwa kwa tuhuma za kuhusiana na ugaidi. Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema uhusiano huo haukuonekana, na mpaka Novemba ndipo ikaamuru akaunti zifunguliwe. Miezi yote hiyo walioshitakiwa na waliopotelewa na watoto wangeenda wapi? Ya pili waulize watu wa Kisian. Pale pana kituo cha utafiti cha KEMRI ambacho kwa zaidi ya miaka 40 kimefanya kazi na Wamarekani. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, hakuna aliyehitaji kuelezwa pale maana ya mfuko kuwa mikononi mwa mtu wa mbali. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sisemi tukatae wafadhili. Pritt na Chaman Lall walikuwa wageni na walifaa. Ninalosema ni kwamba sisi hatuna mfuko wetu. Na haya yanasemwa kwa watu ambao wazee wao waliacha mashamba, maduka na visima kuwa wakfu! Tunachangia harusi, mazishi na minara ya misikiti kwa muda wa Ijumaa moja tu. Katika mafungu manane ya zaka limo la kuwakomboa waliofungwa shingo na limo la wenye madeni. Wanazuoni wana maneno yao juu ya mipaka ya mafungu hayo, na wao ndio wa kutuongoza. Lakini sadaka na wakfu mlango wake ni mpana. Nyumba moja ya wakfu Mji wa Kale, kodi yake ikalipia wakili mmoja, hesabu zikabandikwa msikitini kila mwezi, na akatetewa Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu: hilo halitushindi.

Kinachotuzuia ni hofu, si umaskini. Tunaogopa kwamba anayechangia kesi ya mtuhumiwa ataambiwa naye ni mwenzake. Kodhek aliambiwa hivyo miaka yote ya hali ya hatari, na hakuacha kusimama kortini. Alijua kwamba mtuhumiwa bado hajawa mkosa, na kwamba wakili wake ndiye anayetulinda sisi sote tusioshitakiwa leo.

Matatu ilijaa, tukapanda kwenda Maseno. Mzee yule alishuka Yala, na jina lake sikumwuliza. Lakini siku hizi nikiwa Nairobi, makanga akiita Argwings, mimi humwombea aliyezaliwa Gem.