Ammar bin Ali Al-Mausili, Tabibu wa Macho

Ammar bin Ali alizaliwa Mosul, nchi ya Iraq, akasafiri akitibu macho, hata akakaa Misri zama za Al-Hakim, aliyetawala baina ya mwaka 996 na 1021.

Mtoto wa jicho wakati huo aghalabu alisukumwa chini kwa sindano, akaachwa mumo humo jichoni. Ammar alitengeneza sindano yenye tundu, akamfyonza yule aliye laini na kumtoa nje.

Lakini sisi twakitukuza zaidi kitabu chake, Al-Muntakhab. Humo hakutosheka na kanuni, bali amesimulia wagonjwa aliowapasua mwenyewe na namna alivyofanya. Siku hizi mwanafunzi hujizoeza kwanza juu ya macho ya wanyama, chini ya darubini, kisha mwalimu humwachia hatua moja moja. Zama zile darubini hiyo haikuwako, wala dawa ya kutia jicho ganzi kama ya leo, na mkono ukiteleza kidogo tu mtu alipofuka. Basi masimulizi yale yalikuwa amana kwa wanafunzi.

Kitabu kilifasiriwa kwa Kiebrania karne ya 13, kisha kwa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Nasi tusomao Kiarabu, ni wangapi tumekifungua?