Daktari Aliyepima Choo: Maisha ya Denis Burkitt

Usicheke kwanza. Ukifunga choo siku nne bwenini ndipo utakapojua kwamba si mchezo. Mbaya zaidi, haya hutuzuia kumwambia hata matroni. Daktari Burkitt hakuwa na haya hizo.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa mvulana alipoteza jicho moja, lakini akawa daktari mpasuaji hivyo hivyo. Mwaka 1946 alianza kazi Lira, Uganda, kisha akahamia Mulago, Kampala. Huko, mwaka 1957, ndiko alikowaona watoto waliovimba taya. Saratani hiyo ikapewa jina lake, nasi wa kandokando ya Ziwa Viktoria hatuko mbali nayo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu kwa majuma 10 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama ugonjwa huo umeonekana.

Wengi wakimsimulia hukomea hapo. Mimi naona kazi yake ya pili ndiyo tamu. Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alikuta bawasiri, kidole tumbo na kufunga choo vimejaa tele, ilhali vijijini Uganda vilikuwa nadra. Kwa nini? Basi yeye na wenzake wakapima choo, naam, kwa mizani! Matokeo yalitoka mwaka 1972: mwanakijiji wa Uganda takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa 36 hivi, wanamaji wa Uingereza gramu 104, saa 83. Burkitt akataja sababu: nyuzinyuzi za chakula, zile tunazozitupa na pumba tukikoboa mahindi. Nyanya zetu hapa Nyakach walisaga mtama na wimbi kwa jiwe, hawakutupa kitu. Sisi twataka ugali mweupe pe! Na kunde na mapapai yamejaa sokoni Katito.

Si yote aliyodai yaliyothibitishwa. Wapo wenye matumbo yanayosokota ambao pumba huwazidishia gesi na maumivu. Kwa wagonjwa sugu, madaktari wamejaribu umeme hafifu unaochochea mishipa ya fahamu karibu na kifundo cha mguu au chini ya mgongo, ili utumbo uamke. Baadhi yao hupata nafuu, wengine wapi!

Burkitt hakuishi kuona majaribio hayo yakienea. Alifariki Machi 1993, akiwa na miaka 82.