George Washington Carver, mtaalamu aliyepeleka kilimo bora shambani kwa mkulima

Mkulima wa Burundi ambaye soya yake huuzwa masokoni Bujumbura na kusagwa unga wa uji wa watoto hukabiliwa na swali gumu kila msimu: je, mbolea ya dukani italipa gharama yake, au samadi na kupanda kwa mistari vinatosha? Swali la namna hiyo ndilo lililotawala maisha ya George Washington Carver.

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri, Marekani, yapata mwaka 1864. Akingali mchanga alitekwa nyara pamoja na mama yake. Mtoto alirudishwa, mama hakuonekana tena. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali, kisha kikamkataa kilipogundua kuwa ni mweusi. Hata hivyo, mwaka 1896 alipata shahada ya uzamili huko Iowa, na mwaka huohuo Booker T. Washington akamwita kufundisha Tuskegee, Alabama.

Huko alikuta ardhi iliyochoshwa na pamba, na wakulima weusi waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, huku madeni yakiwaandama mwaka hadi mwaka. Kuwashauri watu hao wanunue mbolea kulikuwa karibu sawa na kuwadhihaki. Carver akatenga vipande vya ardhi na kuvilinganisha: kulima kwa kina, kubadilisha pamba kwa kunde na viazi vitamu, kutumia majani ya msituni na matope ya vinamasi. Kunde, sawa na soya na karanga, hushirikiana na bakteria wa mizizini wanaonasa naitrojeni ya hewani. Mwaka 1905 alichapisha kijitabu kuhusu kufufua udongo uliochoka.

Lakini wengi hawakujua kusoma. Hivyo mwaka 1906 likaanza safari gari la kukokotwa na wanyama, likiwa na zana na mbegu, na mafunzo yakafanyika katika shamba la mkulima mwenyewe, majirani wakitazama. Sifa za karanga, zilizomfikisha mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1921, zimeifunika kazi hii iliyo kubwa zaidi.

Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943. Miaka minne baadaye, Waingereza walianza kufyeka mapori ya Kongwa, Tanganyika, ili wapande karanga kwa mashine kubwa, bila kwanza kuujaribu udongo wa pale ipasavyo. Mradi huo uliachwa mwaka 1951.