Bi. Rokeya: Mjane wa Bengal Aliyewafungulia Wasichana Shule

Dada yangu mkubwa alinishinda kwa akili. Chuoni yeye alihitimu msahafu mimi nikiwa ningali nababaika katika juzuu ya Amma. Lakini alipovunja ungo alitolewa shule, na mimi nikaendelea. Marehemu baba hakuwa adui wa elimu. Alichokiogopa ni njia: shule ilikuwa mbali, na hakupenda binti yake apite mbele ya mabaraza ya watu asubuhi na jioni. Kwa sababu hiyo, nilipokutana na habari za Bi. Rokeya Sakhawat Hossain niliona kama nasomewa mambo ya nyumbani kwetu, ingawa bibi huyu aliishi ng'ambo ya bahari, na alifariki zamani sana.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Pairaband, upande wa Rangpur, mahali ambapo leo ni nchi ya Bangladesh. Wakati ule yote ilikuwa Bara Hindi chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa mwinyi wa ardhi nyingi, mtu wa Kiarabu na Kiajemi. Watoto wake wa kiume aliwapeleka Calcutta wakasome Kiingereza. Wa kike walifundishwa kuisoma Kurani bila ya kufahamishwa maana, na Kiurdu kidogo, basi. Kibengali, ambacho ndicho kilichosemwa na watu wa pale, hakikutakiwa kwa mabinti wa nasaba.

Na stara ya nyumba ile, ndugu msomaji, haikuwa hii tuijuayo sisi. Tangu alipotimia miaka mitano Rokeya alitakiwa ajifiche hata mbele ya wanawake wageni. Akiingia mgeni wa kike, mtoto hukimbizwa nyuma ya mlango au darini. Dini haikuamrisha hayo. Ni ada ya watu wakubwa tu.

Aliyemwokoa ni kaka yake, Ibrahim Saber. Usiku, baba akishalala, kaka huwasha mshumaa akamfundisha mdogo wake Kiingereza na Kibengali. Dada yao Karimunnesa naye alikuwa na kiu hiyohiyo, lakini aligunduliwa, masomo yakakatizwa akaozwa. Rokeya hakumsahau dada huyo maisha yake yote.

Mwaka 1898 aliolewa na Sayyid Sakhawat Hossain, hakimu wa serikali huko Bhagalpur, mtu mzima aliyefiwa na mke na aliyesoma Uingereza. Ilikuwa bahati njema. Mume alimhimiza asome na aandike. Mwaka 1905 kisa chake cha Kiingereza, Ndoto ya Sultana, kilichapishwa katika jarida la wanawake huko Madras. Ni kisa cha nchi ambako wanaume ndio wanaotawishwa ndani, na wanawake wenye elimu wanaendesha mambo kwa nguvu za jua. Inasemekana mumewe alikisoma chote kwa kusimama, asikumbuke kuketi.

Lakini furaha haikudumu. Watoto wao wawili wa kike walikufa wangali wachanga. Kisha mume akashikwa na maradhi ya sukari, akapofuka, na mwaka 1909 akafariki. Alimwachia mkewe rupia 10,000 za kufungulia shule ya wasichana wa Kiislamu. Hata mwaka haujesha Bi. Rokeya alikwisha kuifungua pale Bhagalpur kwa wanafunzi watano. Ugomvi wa jamaa juu ya mali ukamhamisha, akaenda Calcutta, na mwezi wa Machi 1911 akaanza upya kwa wanafunzi wanane.

Hebu fikiri: mwalimu mkuu huyu hakuwahi kusoma shuleni hata siku moja. Ilimbidi atembelee shule za wasichana wa dini nyingine za mjini atazame darasa linavyoendeshwa. Kisha akawa anabisha hodi nyumba hadi nyumba kuwaomba wazazi watoto wao. Yeye mwenyewe alivaa baibui kila atokapo, kwani alijua kuwa kosa lake moja lingeifunga shule. Aliwafundisha Kurani pamoja na maana yake, lugha, hesabu, ushoni, kuuguza wagonjwa, na hata mazoezi ya viungo.

Shida iliyomtesa sana ni ileile ya marehemu baba: njia. Bila gari la kuwachukua hakuna mzazi aliyekubali. Siku moja shule ikapata motokaa mpya, ikazibwa kila upande kwa ajili ya stara. Ndani mkawa kiza na joto. Watoto wakatapika, wengine wakazimia, na wazazi wakaja juu. Bibi akaondoa vizuizi akatia mapazia. Basi upepo ukawa unayapeperusha mapazia, na kabla ya muda barua zikaanza kuingia za watu waliojiita ndugu zake katika Uislamu, wakimtisha kumwandika magazetini kuwa anawaanika mabinti barabarani. Akifunga, watoto wanazimia. Akifungua, anaitwa mvunja dini. Kisa hicho alikiandika mwenyewe katika kitabu chake juu ya wanawake waliotawishwa, cha mwaka 1931. Nilipomsimulia dada yangu alicheka mpaka machozi, kisha akanyamaza kitambo.

Pamoja na hayo shule ilikua. Kufika 1915 ilikuwa na wanafunzi 84, na mnamo 1930 ikawa sekondari kamili. Mwaka 1916 aliunda pia chama cha wanawake wa Kiislamu, kilichowaendea hata maskini wa vibandani kuwafundisha kusoma na usafi.

Alifariki tarehe 9 Desemba 1932, alfajiri, akiwa na umri wa miaka 52. Usiku wake alikuwa akiandika makala juu ya haki za wanawake, nayo ilikutwa mezani haijaisha. Mwaka huohuo hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti lake la Al-Islah, na yeye pia aliwahimiza Waislamu wawasomeshe binti zao.

Bangladesh ya leo ina watu zaidi ya milioni 160, na tarehe 9 Desemba huadhimishwa kwa jina la bibi huyu. Mwaka 1994 serikali ya huko ilianza kuwalipa wasichana wa sekondari vijijini posho nchi nzima, kwa sharti kwamba wahudhurie masomo, wapasi mitihani, na wasiolewe kabla ya kumaliza. Miaka michache baadaye wasichana waliwazidi wavulana katika madarasa hayo. Na ile shule ya wanafunzi wanane ingali ipo Calcutta, kwa jina la mumewe.