Jaji Asiye na Kaburi

Jengo la serikali likimalizika, liwe Njombe au Makambako, watu huulizana litaitwa kwa jina la nani. Likiwa ni jengo la mahakama, sisi twamtaja marehemu Benedicto Kiwanuka. Hakuwa mtu wa kwetu, alikuwa wa Uganda. Lakini haki haiulizi kabila.

Alizaliwa mwaka 1922 upande wa Masaka, katika jamaa ya Kikatoliki. Alikuwa askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha mkalimani wa Mahakama Kuu. Akaenda kusoma Basutoland na London, akarudi mwanasheria mwaka 1956. Alipata kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, akashindwa katika uchaguzi wa 1962, na mwaka 1969 Obote akamtia kizuizini. Ya siasa tuyaache hapo.

Mwaka 1971 Amin alimfungua, akamfanya Jaji Mkuu, mwananchi wa kwanza wa Uganda kukalia kiti hicho. Bila shaka alitazamia shukrani. Septemba 1972 ikaja kesi ya Mwingereza, Daniel Stewart, aliyekamatwa na askari jeshi. Kiwanuka aliamuru aachiliwe, akatamka kwamba jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia. Tarehe 21 mwezi uleule, watu wenye silaha walimtoa Mahakama Kuu mchana kweupe. Maiti yake haikurudishwa kwa jamaa zake.

Kampala iko barabara yenye jina lake. Hata hivyo twaona jumba la mahakama lamfaa zaidi, maana ndani yake ndimo alimokamatwa.