Nilifika Kileleni Nimemwacha Mtu: Maisha ya Daktari Adrian Atiman



Leo naanza kwa kuungama. Najua hapa si kwenye kitubio, na kwa padre nimeshakwenda, lakini kosa lenyewe nililifanya mbele ya vijana kumi na wanne. Basi acha nilisimulie hadharani pia.

Wengi mnajua kwamba niko Kigoma kwa mwaka wa kichungaji baada ya kumaliza falsafa. Jumamosi moja, mvua zikiwa zimeanza, nilitoka na vijana wa parokia kwenda kupanda vilima vya kaskazini mwa mji. Tulisali Misa ya alfajiri, tukapanda boti pale Kibirizi, tukashuka kwenye kijiji cha wavuvi kabla ya kufika Gombe. Kama hujawahi kuviona vilima vya huku, usidanganywe na neno "vilima". Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na migongo ya safu ile inafika kama mita 1,500. Yaani unaanza na maji miguuni, na saa tatu baadaye unaitazama mitumbwi kama punje za mchele. Chini kuna mihogo na michikichi. Juu kuna majani marefu, miti ya miombo, na changarawe nyeupe zinazoteleza chini ya kiatu kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Kuna mahali miguu peke yake haitoshi. Unashika mwamba kwa mikono na kutambaa.

Tukiwa njiani niliwasimulia habari za Pier Giorgio Frassati, yule kijana wa Torino, Italia, aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, na ambaye Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Frassati alikuwa mpanda milima kwelikweli. Niliwaeleza habari za theluji, kamba, na marafiki zake waliokwenda naye milimani. Nilisimulia vizuri, nakiri, na nilijisikia vizuri pia.

Basi, nusu ya njia kijana mmoja wa kidato cha pili aliteleza, akaumia kifundo cha mguu. Haikuwa imevunjika, ila ilivimba. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Nikatazama saa, nikatazama mawingu, nikatazama kilele kilivyokuwa karibu. Nikamwambia akae chini ya mti, atusubiri, tutampitia tukirudi. Tukaendelea.

Kileleni palikuwa pazuri jamani. Mvua ilikuwa imeosha vumbi lote hewani, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilionekana wazi kama unaweza kuigusa. Tukaimba, tukapiga picha. Wakati wa kupanga watu kwa ajili ya picha ya pamoja ndipo nilipohesabu vichwa, nikakuta kumi na mbili. Binti mmoja hayupo. Moyo ukanipasuka. Tuliteremka mbio, na tukawakuta wote wawili pale pale chini ya mti. Binti alikuwa amerudi kimyakimya. Alikuwa ameufunga ule mguu kwa khanga yake, amempa mwenzake maji yake yote, na wanacheka. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Usiku, kwenye kundi letu la simu, binti huyohuyo aliuliza swali. Alitaka kujua kama Mungu hana wapanda milima wa kwetu, waliokanyaga udongo huu wa Ziwa Tanganyika, au kama lazima wote watoke kwenye theluji. Andiko hili ni jibu langu kwake. Limechelewa, maana ilibidi kwanza nione aibu.

Jina la mtu huyo wengi mmelisikia, labda kwenye hospitali kule Sumbawanga, bila kujua ni la nani. Ni Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema. Simwiti mtakatifu, hiyo ni kazi ya Kanisa. Namwita mzee wetu. Maisha yake nayaona kama safari tatu.

Safari ya kwanza hakuichagua. Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na Watuareg, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Hebu fikiria. Zaidi ya kilometa 1,500 za mchanga, mtoto aliyeporwa kwa mama yake, akipelekwa asikokujua kwa sababu mtu mwingine ameshamwekea bei. Sisi wa Kigoma hadithi hiyo tunaijua upande wa pili. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara, na chini ya miembe yake walipita watoto kama Atiman, wakiwa wamevushwa ziwa kutoka Kongo, kuelekea Tabora na pwani. Miembe ipo mpaka leo. Nikipita pale naona watu wakiuza migebuka na mawese kivulini, nami najiuliza ni wangapi waliowahi kukaa kivuli kilekile bila kujua kesho yao.

Huko Algeria Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walimnunua ili awe huru. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Askofu Lavigerie wa Algiers, baadaye Kardinali, ambaye mwaka 1888 alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akipiga kelele dhidi ya utumwa. Atiman akasoma, akabatizwa, akapelekwa kisiwa cha Malta. Lavigerie alikuwa na mpango wa pekee: vijana Waafrika waliokombolewa wasomee udaktari, kisha waende kuwa madaktari na makatekista kati ya Waafrika wenzao. Hawakulazimika kuwa mapadre. Mimi mseminari hilo linanigusa, maana tuna tabia ya kudhani kwamba mtu aliyeitwa na Mungu lazima avae kanzu.

Safari ya pili aliikubali mwenyewe. Mwaka 1888, akiwa na umri kama wangu na wako, miaka ishirini na kitu, alisafiri hadi Zanzibar, kisha akaingia bara pamoja na msafara wa wamisionari. Ulikuwa mwaka mbaya. Pwani ilikuwa imewaka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Reli ya kufika Kigoma haikuwepo. Ilikuja kukamilika mwaka 1914. Ilikuwa ni miguu. Zaidi ya kilometa elfu moja, miezi kwa miezi, kukatiza nyika na misitu ya miombo, kisha kuteremka safu za milima zinazolizunguka ziwa. Mapema mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwa milima ya Mahale.

Hapa nataka tusimame kidogo, kama watu wanaovuta pumzi njiani. Mwili ni uleule. Miguu iliyokanyaga mchanga wa utumwa ndiyo iliyokanyaga udongo wa Karema. Kwa mtu wa kutazama kwa mbali, zote mbili ni safari ndefu, ngumu, zenye kiu. Darasani tulifundishwa kwamba tendo la mtu haliwezi kueleweka bila kujua linakwenda wapi na kwa ajili ya nani. Nilijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani. Nadhani maana yake nimeanza kuipata chini ya ule mti, kwa binti mwenye khanga. Safari ya kwanza ya Atiman ilikuwa kwa faida ya mfanyabiashara. Ya pili ilikuwa kwa ajili ya watu ambao hajawahi kuwaona. Na fikiri pia kwamba angeweza kubaki. Alikuwa huru, msomi, kijana, yuko kando ya bahari ya Ulaya. Hakuna ambaye angemlaumu.

Safari ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, na kwa macho haionekani kama safari, kwa sababu ni ya kukaa mahali pamoja. Atiman alikaa Karema miaka 67. Nimerudia kuhesabu: 1889 hadi 1956. Karema ilianza kama ngome ya Wabelgiji waliofika mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Hapo ndipo alipotibu. Vidonda, homa, wanawake wenye uchungu wa kuzaa, watu walioumizwa na wanyama, na ule ugonjwa wa malale uliokuja kuyavamia mafukwe ya ziwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wagonjwa walimfuata, na yeye aliwafuata. Alitibu, alifundisha katekisimu, kesho yake akaanza tena.

Alioa hukohuko. Mkewe, Agnes Wansahira, alikuwa binti wa mtawala wa Wabende. Mtoto wao Joseph akawa padre. Mtumwa wa Timbuktu, mkwe wa Wabende, baba wa padre wa Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo ninapoona namna Mungu anavyofanya kazi: polepole, kwa kupitia ndoa, lugha, na majirani.

Wakubwa walipishana juu ya kichwa chake. Alifika wakati Wajerumani ndio wanaanza kuishika nchi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Wabelgiji waliichukua Kigoma. Kisha wakaja Waingereza. Kila aliyekuja alikuwa na bendera yake na kodi yake. Mgonjwa wa Karema alimkuta mtu yuleyule, mlango uleule. Alizeeka, akapewa nishani za heshima, akaendelea kuwa daktari. Alifariki tarehe 24 Aprili 1956 akiwa na miaka kama tisini, miaka mitano kabla ya Uhuru wetu, na Karema ndipo alipozikwa.

Sasa nirudi kwenye kilima. Baada ya kusoma tena maisha ya Atiman nilirudi pia kwa Frassati, nikagundua kwamba asubuhi ile niliwasimulia vijana nusu tu. Niliwaambia habari za milima, nikaruka habari za maskini. Frassati aliingia Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo akiwa kijana mdogo, akipanda ngazi za nyumba chafu za Torino kupeleka chakula na dawa. Alisomea uhandisi wa migodi ili awe karibu na wachimbaji. Alikufa kwa polio, na waliomfahamu waliamini aliupata kwa wagonjwa aliowatembelea. Wiki ile ya kufa kwake, mkono ukiwa umeshapooza, aliandika kikaratasi cha kuwakumbusha wenzake dawa ya maskini mmoja. Mpanda milima huyu alijua ni nani aliyekuwa chini ya mti.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeuliza swali, jibu ni hili. Ndiyo, wapo wa kwetu. Mmoja amelala Karema. Hakupanda ili afike juu. Na mwingine nilimwona kwa macho yangu Jumamosi ile, ila nilikuwa na haraka.

Nisieleweke vibaya. Milima tutaendelea kuipanda! Ni vizuri kijana achoke kwa jambo jema, atoke kwenye simu, aone jinsi Mungu alivyochonga ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470 na kulizungushia milima. Yesu mwenyewe alipenda kwenda mlimani kusali. Lakini kila mara alishuka, na chini alikuta watu wanamsubiri. Safari yetu ijayo tumekubaliana sheria moja: mwendo wa kundi ni mwendo wa wa mwisho. Anayechoka zaidi ndiye anayeamua tunapumzika lini. Na mimi nitatembea nyuma.

Wiki hii jiulize mambo mawili, jioni, kabla ya kulala. Je, kuna mtu niliyemwambia akae anisubiri, nami nimesahau kumrudia? Labda ni bibi nyumbani, rafiki aliyeacha shule, au mwenzako wa jumuiya aliyeacha kuja na hakuna aliyemuuliza. Na la pili: ningeambiwa nikae mahali pamoja na kupenda watu walewale miaka 67, ningekubali?

Tuombe. Ee Mungu, uliyemtoa mtumishi wako Adrian katika utumwa na kumleta kando ya ziwa letu, tupe miguu yenye nguvu ya kupanda na moyo wenye subira ya kurudi nyuma. Utufundishe kumhesabu kila mmoja. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Kijana wetu mguu umepona, anacheza mpira tayari. Khanga bado sijairudisha. Nimeifua, na nitaipeleka Jumapili baada ya Misa pamoja na neno la samahani.